Mapapa wa San Jose: tuendelee kulea watoto ama sasa waletwe watu wazima?

papa_mkavu (Malindi)

Habari zenu wadau. Najua humu ndani wengi ni Arsenal na Man U lakini kuna wawili watatu nliwaona wakiongea hoki ya barafu, ndo maana naleta hii hapa mnisaidie maana nyumbani hakuna wa kuzungumza naye.

Ugonjwa wangu mimi ulianzia mitumba. Siku hiyo nachambua bunda sokoni nkaona jezi nzito nzito hivi, rangi ya bahari ya saa sita mchana, kifuani papa anatafuna fimbo, mgongoni MARLEAU 12. Muuzaji anataka mia tatu nkampa mia mbili hamsini. Nlidhani ya raga. Kufika nyumbani nkatafuta huyo Marleau ni nani, kumbe ndie aliyecheza mechi nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya NHL (ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Canada), mechi 1,779, na nyingi alichezea timu hiyo hiyo ya San Jose Sharks, yaani Mapapa, na kombe hakubeba hata moja. Mtu kama huyo utamwacha vipi? Nkaingia mzima mzima.

Shida ni kwamba nimeingia nyumba ikiwaka moto. Msimu wa 2023-24 tulishika mkia, pointi 47. Mechi kumi na moja za mwanzo hatukushinda hata moja, na humo humo tukapigwa 10-1 na Vancouver, mechi iliyofuata 10-2 na Pittsburgh, zote mbili kwetu. Nkasema sawa, mwaka wa kwanza wa ujenzi. Tukapata mtoto Celebrini kwenye drafti, nkasema sasa. Msimu wa 2024-25 tukamaliza na pointi 52. Mkia tena!! Pointi tano tu ndo tumepanda baada ya machozi yote yale.

Na mimi niko mapokezi usiku kwenye hoteli, mechi za kule zikianza saa moja jioni yao kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi kipindi kile cha baridi yao, kwa hivyo natoka zamu naingia mechi, bando inakatika, kile kidude cheusi wanachopiga kwenye simu hukioni kabisa unafuata tu wachezaji wanaangalia wapi, alafu mwisho wake umefungwa 6-2 na askari wa getini anakuuliza mbona umenuna.

Sasa swali. Meneja mkuu Mike Grier tangu aje 2022 ameuza karibu kila mtu mzima. Burns akaenda, Meier akaenda, Karlsson akauzwa mara tu baada ya msimu alofikisha pointi 101 (kwa mchezaji ni magoli na pasi za magoli), Hertl akapelekwa kwa maadui zetu Vegas. Mwaka huu 2025 tumebaki na watoto: Celebrini miaka 19, Will Smith 20, Misa ndo kwanza 18, Dickinson 19. Vipaji, hapo sibishi. Lakini kufungwa kila siku hakuwaharibu hawa? Tuwaache wakue wenyewe mwaka wa tatu ama walipe pesa waletwe watu wazima tushinde sasa?

---

gunner_wa_muyeye (Malindi)

Kaka swali la mshamba usinicheke. Timu inashika mkia miaka miwili mfululizo na bado iko ligi hiyo hiyo? Kwani kule hawashuki daraja? Halafu nmekuona mahali unataja drafti, mimi drafti naijua ile ya vizibo vya soda pale barazani, sasa inahusiana vipi na kununua wachezaji

---

papa_mkavu (Malindi)

Hahaha hapana sio ya vizibo. Kule hakuna kushuka. Vijana wapya kila mwaka wanagawanywa kwa zamu, wale walofanya vibaya ndo wanachagua mapema. Lakini ili watu wasifungwe makusudi wanatia bahati nasibu. Aliyeshika mkia ana nafasi asilimia 25.5 ya kuchagua wa kwanza, na hashuki chini ya wa tatu. 2024 bahati ikatuangukia tukamchukua Celebrini. 2025 tukashika mkia tena, mara New York Islanders walokuwa nafasi ya kumi kutoka chini, wana asilimia 3.5 tu, wakaruka wakachukua ya kwanza, sisi tukapata ya pili ndo huyo Misa. Nliamka usiku kuangalia mipira ya bahati nasibu mimi. Mke wangu alidhani ni kamari.

---

gunner_wa_muyeye (Malindi)

Ni kamari

Sasa nmeelewa. Ila basi sisi Arsenal tuliteseka kweli, Arteta alikuja Desemba 2019 tukamaliza wa nane, mwaka uliofuata wa nane tena, na hakuna mtu alitupa mtoto wa bure kwa sababu tumefanya vibaya. Nyinyi mnalipwa kwa kufungwa alafu mnalalamika

---

binti_shela_ughaibuni (Hamilton, Canada)

Assalamu alaykum. Papa_mkavu nmecheka hiyo ya bando, pole mdogo wangu. Mimi mzaliwa wa Malindi, Shela yetu sio ile ya Lamu, huku Hamilton niko mwaka wa tisa sasa. Kazini kwangu hoki ndo hali ya hewa, usipoijua unakula chakula peke yako.

Nataka nkwambie kitu kimoja kuhusu hiyo habari ya kusubiri watoto wakue. Kutoka hapa kwangu ukivuka mpaka kidogo tu uko Buffalo. Hadi 2025 Buffalo wamekaa misimu 14 bila kuingia mtoano, hakuna timu NHL imewahi kukaa nje muda huo. Na sio kwamba hawakupata watoto, walipata! Eichel aliyechaguliwa wa pili 2015, Dahlin wa kwanza 2018, Power wa kwanza 2021. Eichel akaondoka kwa ugomvi wa matibabu ya shingo yake, akaenda Vegas, 2023 akabeba kombe. Mwanamke mmoja tunayefanya naye kazi anatoka upande huo, ana mtoto wa darasa la nane, yule mtoto tangu azaliwe hajaona timu ya mamake kwenye mtoano hata siku moja. Anavaa jezi kama sare ya msiba.

Edmonton pia waulize. 2010 walichagua wa kwanza, 2011 wa kwanza, 2012 wa kwanza, miaka mitatu mfululizo, na bado walikuwa wabovu mpaka 2015 alipokuja McDavid, na hata na McDavid mwenyewe wamefika fainali 2024 na 2025 zote wakafungwa na Florida. Kwa hivyo kupata watoto ni nusu tu. Mtoto akizoea kufungwa anajifunza kufungwa vizuri, anajua sura ya kuweka, anajua maneno ya kuwaambia waandishi. Hicho ndo naogopa kwenu.

Mimi nasema walete watu wazima. Sio wa kuwaokoa, wa kuwakasirikia.

---

nahodha_mstaafu (Lamu)

Waalaykum salaam bibie. Maneno yako yana uzito ila umehesabu waliozama tu, waliofika hukuwataja.

Mimi ni mtu wa Amu, chombo nshaacha, sasa kazi yangu ni kukaa. Hoki nliletewa na mgeni wa Denver anayekodi nyumba Shela (yetu hii bibie, ya mtanga mwingi) kila kaskazi, yeye na Colorado yake. Msimu wa 2016-17 hao Colorado walipata pointi 48. Arubaini na nane! Moya tu zaidi ya hizo zenu 47. Na bahati nasibu ikawatupa, badala ya wa kwanza wakachagua wa nne. Yule mzee aliniambia siku ile alitaka kutupa redio baharini. Huyo wa nne ndie Cale Makar, na 2022 wakabeba kombe. MacKinnon alikuwepo tangu 2013, na kwenye ule mwaka mbaya hawakumuuza na wala hawakukimbilia kununua majina.

Wewe mwanangu papa_mkavu una haraka kwa sababu umeingia karibuni. Hiyo timu yako nshaisoma. Msimu wao wa pili tangu waanze, 1992-93, walishinda mechi 11 wakafungwa 71. Mwaka uliofuata wakaingia mtoano wakawatoa Detroit, Detroit wakubwa, kwa mechi saba. Watu walewale waliocheka ndio waliotafuta tiketi.

La watu wazima sikatai. Ila mtu mzima si lazima awe uwanjani. Huyo mtoto Celebrini mwaka wake wa kwanza alikaa nyumbani kwa nani? Kwa Joe Thornton, nahodha wao wa zamani. Akila naye, anaamka anamwona babu yule na ndevu zake mezani. Hilo hulinunui dirishani.

---

kipa_wa_panari (Malindi/Nairobi)

Naomba niingie maana nyote mnaongea watoto watoto na hakuna aliyetaja beki wala kipa.

Mimi barafu nimeikanyaga. Nlipokuwa chuo Nairobi nlikuwa naenda ile ya hoteli ya Panari, ndipo walipokuwa wakifanyia mazoezi Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya, uwanja wenyewe mdogo sana, ukijigeuza vibaya uko ukutani. Nlikaa golini mara chache tu, niseme ukweli mara nne. Kile kidude kikija hukioni, unasikia tu kimekugonga alafu unashukuru. Kwa hivyo mtu akiniambia tatizo la San Jose ni ushambuliaji namuuliza hizo mechi uliangalia? Celebrini alipata pointi 63 katika mechi 70, msimu wa kwanza wa maisha yake, akiwa na miaka 18. Smith 45. Toffoli alikuwa anafunga. Sasa huku nyuma tulifungwa zaidi ya magoli 300 kwa mechi 82, ushaona, karibu manne kila usiku. Hata ukiweka Gretzky, yule gwiji wa hoki, hapo mbele utafungwa tu.

Na kosa lenyewe limefanywa na watu wazima wa ofisini sio watoto. Desemba 2024 tukamuuza Blackwood, kipa wetu mzuri, Colorado (nahodha uko hapo, sema asante). Machi 2025 tukamuuza Walman, beki wetu bora, kwa Edmonton, na huyu Walman tulipewa na Detroit pamoja na nafasi ya drafti juu yake, yaani walitulipa tumchukue! Akaenda akacheza fainali. Najua najua, tumepata nafasi ya raundi ya kwanza, meneja anacheza karata ndefu. Lakini ukimuondolea mtoto wa miaka 18 beki anayejua kutoa paki (kile kidude) nyuma kwa pasi moja, yule mtoto anaanza kurudi nyuma kuifuata mwenyewe, anachoka, na usiku wa pili anaumia. Hoki sio mpira, mtu anakaa uwanjani kama sekunde 45 hivi anatoka anaingia mwingine, sasa hizo sekunde 45 ukizimaliza unakimbizana kwenye eneo lako umepoteza zamu nzima na hujagusa kitu.

Ndo maana mimi usajili wa mwaka huu 2025 nimeupenda, Orlov miaka 34, alibeba kombe na Washington 2018, miaka miwili tu milioni 6.5 kila mwaka. Klingberg mwaka mmoja. Leddy. Sio vijana, wote pumzi za kukopa, ila wanajua kutoa paki nyuma. Na golini apewe Askarov mara nyingi, ana miaka 23, mwacheni afungwe akiwa bado kijana.

---

gunner_wa_muyeye (Malindi)

Kwa hivyo mmenunua wazee. Swali limejibika tufunge uzi

---

kipa_wa_panari (Malindi/Nairobi)

Wamenunua pia kwa sababu lazima. Kuna kiwango cha chini cha mishahara, msimu huu wa 2025-26 ni dola milioni 70.6, huwezi kuwa chini yake, na juu huruhusiwi kupita 95.5. Sisi tulikuwa chini. Usidhani ni mapenzi.

---

kocha_wa_maweni (Malindi)

Mimi hoki siijui, huwa nasoma tu nyuzi za papa_mkavu kwa sababu ya hasira zake. Lakini hili la watoto na wazee limenitokea nasema nlivyoliona.

Nafundisha timu ya mtaa, mpira wa miguu. Kuna mwaka nlichoka na wazee wanne, wanachelewa mazoezi, wanabishana na mimi mbele ya watoto, nkawatoa wote wiki moja. Nkajaza vijana wa kidato cha tatu na nne, wana mbio, mtu anapenda kuwaangalia. Mechi ya kwanza tunaongoza 1-0, dakika ya themanini hivi, na wale watoto bado wanashambulia. Wote! Beki wangu wa kulia amesimama kwenye kisanduku cha wenzake anaomba krosi. Napiga kelele mpaka sauti inakauka, hakuna anayejua kuushika mpira kwenye kona, hakuna anayejua hata kujifunga kamba ya kiatu. 3-1. Ya pili tukafungwa. Ya tatu tukafungwa, tukapanda tuktuk kurudi, na kwenye tuktuk ile wakaanza kucheka. Mmoja anaigiza jinsi kipa alivyoruka. Mechi ya kwanza walilia, ya tatu wanacheka. Sikulala usiku ule.

Nkaenda kumrudisha mmoja tu katika wale wanne. Mvuvi, yuko na umri kama wa huyo Orlov wenu. Anakuja uwanjani ananuka samaki, hakimbii, na simwambii akimbie. Kazi yake ni kusimama kati kati na kusema "tulia" na kumkasirikia mtoto akicheka. Yule dada wa Canada ndivyo alivyosema na mimi nmekubali. Ligi hatukushinda lakini kucheka kwenye tuktuk kuliisha.

Wale watatu sikuwarudisha, na mmoja mpaka leo hanisalimii.

---

nahodha_mstaafu (Lamu)

Mmoya. Hukurudisha wanne. Hilo ndilo nlokuwa nalisema yana na juzi.

---

binti_shela_ughaibuni (Hamilton, Canada)

Mzee wangu hukusema hivyo, ulisema akae nyumbani ale na mtoto 😂 Ila nakuheshimu.

Kocha hiyo ya kucheka imenikaa. Nmemsomea yule mwenzangu wa Buffalo kwa Kiingereza, kanyamaza kidogo alafu akaniuliza huyo mvuvi wenu ana miaka mingapi kamili.

Na kitu kingine mmeruka. Huyo Grier ndie meneja mkuu wa kwanza mweusi katika historia yote ya NHL. Ligi ilianza 1917, yeye kapewa kazi 2022, na kapewa nyumba ambayo imeshaungua. Mimi huku nasikia watu wanavyoongea, mwingine akikosea miaka mitano wanasema ana mpango, huyu akikosea miwili wanasema tulijua. Kwa hivyo hata nikiwa sikubaliani na kumuuza Walman, sitaki kumsikia mtu wa pwani akisema afukuzwe.

---

papa_mkavu (Malindi)

Hapana dada mimi sijasema afukuzwe, jezi yangu ni ya Marleau lakini roho ni ya Grier.

Basi mmenisaidia. Nlichokuwa naogopa ndo hicho cha kocha, sikuwa na maneno yake tu. Maana kuna mechi moja mwezi wa tatu nliangalia tukiwa nyuma kwa magoli manne, kamera ikamleta Celebrini kwenye benchi, wenzake wawili wanazungumza huku wanatabasamu, yeye ameinamisha kichwa anautafuna ule mlinzi wa meno kama ana deni nao. Nkamwambia askari wa getini ona huyu, huyu hacheki. Askari akasema anaonekana ana njaa.

Kipa nakubali kuhusu beki. Nahodha pia nakubali usininunie. Ila mimi utabiri wangu sio mtoano, natoa pointi 75 na tusiwe wa mwisho. Hata wa pili kutoka mwisho nitachinja kuku.

---

kipa_wa_panari (Malindi/Nairobi)

75 umewapenda. Mimi 68.

---

gunner_wa_muyeye (Malindi)

Mimi sijui pointi zinahesabiwaje lakini nasema 80 sababu ya Orlov. Jina tu linatisha

Sasa swali la maana, ikianza Oktoba mechi za nyumbani zitakuwa saa ngapi huku na utaziangalia wapi, maana kwenye simu umesema kidude hukioni

---

papa_mkavu (Malindi)

Oktoba saa kumi na moja alfajiri, ikifika Novemba wakirudisha saa zao ndo inakuwa kumi na mbili. Hapo kazini kuna chumba cha mkutano kina televisheni kubwa na usiku hakuna mtu, nmeshaongea na msimamizi amesema kama hakuna mgeni wa kulalamika na tutaacha pasafi sawa. Tutaunganisha na simu. Kocha uje. Muyeye wewe ukija lete mahamri, mbaazi nitaleta mimi, na usije na jezi ya Arsenal.

---

gunner_wa_muyeye (Malindi)

Mahamri mangapi

---

kocha_wa_maweni (Malindi)

Mvuvi anauliza kama anaweza kuja. Anasema ametoka kuuza papa na anataka kuona hao wenu.